Gitaa la Marehemu, Biti ya Mchumba

Ukitaka kujua muziki wa kujirusha unazaliwaje, usiishie klabu. Panda treni, shuka Dodoma, kamata basi la Tabora. Ila angalia sana unachobeba kwenye laptopu.

Msomaji wangu, zawadi za kumpelekea mzee wa ukweni siku ya kwanza ziko nyingi. Kuna shuka, kuna sukari, kuna mchele wa Kyela, na kama unajua namba ya mguu wake unaweza kumpelekea hata viatu. Mchumba wangu yeye alichagua kumpelekea biti.

Nisimtupie lawama zote. Mimi ndiye niliyempa malighafi. Baba yangu alifariki nikiwa sekondari, na tangu hapo baba mkubwa ndiye aliyebeba kila kitu: ada, nauli, na sasa mambo yangu ya posa. Miaka ya sabini alikuwa anapiga gitaa la solo kwenye bendi moja ya pale Tabora. Haikuwa bendi kubwa, na mwenyewe ameniomba jina lake nisiliandike. Alibakiwa na kaseti moja tu. Krismasi iliyopita niliihamishia kwenye laptopu ili isiozee kabatini, na niliporudi Dar nikamsikilizisha mchumba.

Mchizi wangu mchana ni mhasibu, shati limepigwa pasi, tai shingoni. Usiku ni prodyuza. Alivyosikia ile kaseti akachanganyikiwa. Akakata kipande cha sekunde tisa, akakikimbiza mara mbili ya mwendo wake, akakizungusha kijirudie, chini akaweka ngoma za singeli. Ikatoka biti bomba kinoma. Msanii mmoja chipukizi akainunua kwa laki mbili, na ikaanza kusikika kwenye vigodoro vya Mbagala.

"Tukienda kwenu nitampigia mzee," aliniambia. "Atafurahi mpaka alie."

Sehemu ya kulia alikaribia kuipatia.

Mgunda Mkali kwa kiyoyozi

Tuliondoka Dar alfajiri na treni ya mwendokasi, ambayo tangu mwaka 2024 inafika Dodoma kwa chini ya saa nne. Dodoma tukadaka basi la kupitia Manyoni na Itigi. Reli ya zamani bado ipo, ila tulikuwa na siku nne tu za likizo.

Ukishaiacha Manyoni unaingia kwenye vichaka vya Itigi, vimeshonana kama nywele zilizosukwa. Wasafiri wa zamani walipaita Mgunda Mkali, pori la kiu na hofu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Burton na Speke waliondoka Pwani Juni 1857, wakaingia Tabora Novemba. Zaidi ya miezi minne! Sisi tulipita tumelegeza viti, AC inapuliza, filamu ya Kibongo inagombana kwenye skrini.

Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu wa kwetu. Mtu alibeba mzigo wa kilo kama 30 begani, kwa miguu, na njia nzima kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na nyuma yake ngoma na nyimbo za kupokezana ili miguu isichoke. Kwa hiyo kabla ya meno ya tembo kufika sokoni, wimbo ulikuwa umeshapita vijiji hamsini, na kila kijiji kimeokota kipande chake.

Nilimwambia hayo mwenzangu akacheka. "Basi kirangozi ndiye DJ wa kwanza." Nikaona kama vile safari itakuwa tamu.

Jioni ya Isevya

Tabora inakupokea na miembe. Ipo kila mahali, mikubwa, imezeeka kwa heshima, na kivuli chake ndio sebule ya mji. Nyumbani kwa baba mkubwa, Isevya, tulikuta ugali, kuku wa kienyeji, mlenda, na bakuli la matobolwa, yale mavipande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mchumba aliyatafuna kishujaa. Salamu zilikwenda vizuri. Nilimfundisha kusema "Mwangaluka", akaisema saa moja usiku wakati ni salamu ya asubuhi, watu wakavunjika mbavu.

Kisha akatoa spika yake ndogo.

Sekunde za mwanzo baba mkubwa alitabasamu. Halafu nikaona kidole chake cha kushoto kinatembea juu ya goti kama kinatafuta waya. Halafu kidole kikasimama.

"Hilo gitaa la nani?" aliuliza.

"La kwako, baba," mchumba alijibu, meno yote nje.

"La kwangu ni lile la juu, na wewe umelitoa. Hilo unalolizungusha ni ridhimu. Ni la mwenzangu."

Nikajua tumekwisha. Mwenzake huyo namfahamu kwa picha tu: vijana wawili, suruali za bwaga, mikono mabegani. Alishafariki. Mjane wake yupo Ng'ambo, mtaa wa pili tu.

"Mmeuza?" baba mkubwa aliuliza.

"Laki mbili, baba."

"Mama yake watoto mmempa nini?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akaomba maji ya kunawa. "Habari za posa tutaongea nikipata nafasi," alisema, akaenda kulala. Ilikuwa saa mbili na robo.

Usiku ule tulinong'onezana ugomvi, yeye chumba cha wageni, mimi kwa shangazi, kwa ujumbe wa simu. Yeye anasema hajaiba, amefufua wimbo uliokufa. Mimi nasema hujaambiwa umekufa. Yeye: dunia nzima wanafanya hivi. Mimi: mbona jina lako umeliweka, la kwao hujaliweka? Hapo akanyamaza, na mimi nikakumbuka kwamba kaseti niliitoa kabatini bila kumuuliza mtu.

Kila mtindo una mzazi mahali

Tuwe wakweli, mwenzangu alikuwa na hoja. Hakuna muziki wa kucheza uliojizaa wenyewe.

Chukua beni. Ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za matarumbeta za wazungu, na vyama vikashindana, Marini huku, Arinoti kule. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza askari, makarani na wapagazi wakaisambaza bara yote. Reli nayo ilishafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya misafara. Mzigo ukahama begani ukapanda behewani.

Halafu zikaja santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa za Cuba. Midundo ile ya Cuba ilikuwa na damu ya Waafrika waliopelekwa kule utumwani, kwa hiyo ni mtoto aliyerudi nyumbani akiongea Kihispania. Kongo wakaipokea, gitaa likachukua nafasi ya piano na tarumbeta, na rumba ikavuka Ziwa Tanganyika kwa redio na kwa wanamuziki wenyewe.

Tabora ikawa katikati ya hayo yote, inasikiliza Pwani kwa sikio moja na Kongo kwa jingine. Ndiyo maana mji huu ulitoa bendi tatu ambazo wazee mpaka leo wanazitaja kwa mpigo: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz iliyotupa "Rangi ya Chungwa", na Tabora Jazz waliojiita wana Segere Matata. Shem Karenga wa "Dada Asha", aliyefariki mwaka 2014, alitokea Kigoma, mwisho wa njia ileile, kabla ya kujiunga na Tabora Jazz. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1944 na watu waliotoka huku magharibi, ndiyo maana ya jina.

Zamani kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na majina mengine yaliokotwa moja kwa moja kwenye ngoma. Sikinde na Msondo ni ngoma za Wazaramo kabla ya kuwa mitindo ya dansi. Hakuna aliyepelekwa polisi.

Baadaye mashine zikarahisisha kazi. New York, Agosti 1973, DJ Kool Herc alichukua nakala mbili za santuri moja akawa anakirudia kile kipande cha ngoma tupu ambacho watu walikipenda kucheza. Hip hop ikaanzia hapo. Mwaka 1991 Saleh Jabir wetu alichana Kiswahili juu ya biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, ambayo nayo besi yake ilitoka kwa Queen na David Bowie. Na singeli ya uswahilini Dar ilikua kwenye mchiriku, segere na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa mpaka midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, na Wazungu wa Berlin wakaanza kuruka kwa mdundo wa Mburahati.

Kwa hiyo kuchukua si dhambi. Lakini sikia na hii. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilirekodi "Amen, Brother". Ndani yake kuna sekunde chache za ngoma alizopiga Gregory Coleman. Zile sekunde zimekatwa na kuzungushwa kwenye maelfu ya nyimbo, na muziki wa jungle wa London miaka ya tisini ulijengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kuona mrabaha wa kipande kile. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alikuja kupata pauni 24,000 mwaka 2015, tena ni mashabiki waliochangishana.

Nilimsomea mchumba habari hiyo asubuhi, chini ya mwembe. Hakusema kitu. Akafungua laptopu, akaifunga tena.

Kwihara

Baba mkubwa bado alikuwa "hajapata nafasi", basi shangazi akatushauri tutoke kidogo. Tukachukua bodaboda mpaka Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kuta nene za udongo, ua katikati, kimya kabisa. Kwihara ni moja ya vituo sita vya njia ya kati ya misafara ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 kwenye orodha ya kusubiri Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Pale ndipo kitu kilinigusa. Kwenye njia hii walipita watu wa aina mbili. Kulikuwa na mpagazi aliyepatana malipo na posho yake, akirudi nyumbani na nguo na hadithi. Na kulikuwa na mtumwa, ambaye hakuulizwa. Barabara ile ile, jua lile lile, na kutoka mbali usingeweza kuwatofautisha.

"Sasa mimi wimbo wa yule mzee nimempandisha kama nani?" mwenzangu aliuliza. Sikumsukuma kusema hivyo, naapa.

Mtani haibi

Jioni tulikwenda Ng'ambo na baba mkubwa. Yeye ndiye aliyetangulia, bado amenuna. Tulibeba sukari, doti ya khanga na ile spika. Mama alitupokea barazani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya utundu. Akamwuliza mchumba kwao wapi.

"Kisarawe, mama. Mzaramo."

"Mzaramo!" Akapiga makofi. "Kumbe! Ndiyo maana mmeiba mchana kweupe."

Kama hujui, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo wazee wanasema ulikomaa kwenye misafara hiyohiyo, wapagazi wetu walipokuwa wakishukia kwao Pwani. Mtani anaweza kukutukana ukacheka. Anaweza kubeba kuku wako na usiende kwa mjumbe. Mchumba akapata pumzi.

"Mama, mtani haibi. Mtani anachukua."

"Anachukua mwenyewe akiwa anamwona," mama alijibu. "Mimi nilikuwa wapi?"

Msomaji, nimesoma makala nyingi za hakimiliki, lakini sijawahi kuona hoja imefungwa vizuri namna ile. Mtani akibeba kuku wako kwa siri usiku, huo si utani tena, ni wizi wa kuku. Tena utani una deni: siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kuchekesha waliofiwa na kusaidia kuzika. Ruhusa ya kuchukua unailipia kwa kuwepo.

Mama aliomba asikie. Akainamisha kichwa, akasikiliza biti nzima bila kusema, kisha akaomba irudiwe.

"Mbona mnamkatiza?" alisema. "Hapa alikuwa anataka kumjibu mwenzake. Kila akifika hapa mnamrudisha nyuma."

Baba mkubwa akageuza uso kuangalia barabarani.

Masharti yalitoka hapo hapo. Moja, jina la marehemu litajwe, na la baba mkubwa pia. Mbili, mwisho wa wimbo gitaa liachwe limalize sentensi yake kwa mwendo wake wenyewe, na solo ya baba mkubwa iingie. "Na hela," mama aliongeza, "tunaongea leo, si kesho." Ikakubaliwa laki moja ya ile iliyoingia igawanywe kwa wazee wawili, na kitakachokuja mbele ni nusu kwa nusu. Shangazi aliandika kwenye daftari la shule, wote wakasaini. Faini ya utani ilikuwa jogoo.

"Na siku nikifa," mama alimwambia mchumba, "ukose, uone."

Usiku ule yule mhasibu alikaa barazani na hedifoni mpaka saa saba. Asubuhi akampigia baba mkubwa biti mpya. Inaanza kwa fujo kama zamani. Lakini dakika ya mwisho ngoma zinaondoka, ridhimu inapungua mwendo, inapita pale ilipokuwa inakatwa, na gitaa la juu linaingia kuitikia. Mzee alisikiliza amesimama. Halafu akakaa.

"Huyu kijana wako," aliniambia, kama vile mwenyewe hayupo, "akikosea anarudi. Waambie kwao walete watu."

Wewe na mwenzio, kabla hamjakata kipande

Nyimbo huwa na haki za aina mbili: ya aliyetunga na ya waliorekodi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo "mwenyewe alishafariki" si ruhusa. Mtafute mjane, watoto au ndugu. COSOTA wapo kwa ajili ya kusajili kazi na kutoa maelekezo. Patana kabla wimbo haujatoka, andika hata kwenye daftari, taja majina. Ukishapata hela ndipo watu wanapokumbuka undugu, na hapo bei inapanda.

Na kama mzigo wenyewe umetoka kwa wakwe, uliza kwanza. Kweli.

Ukienda Tabora, nenda kati ya Juni na Septemba, hakuna mvua na barabara hazina tope. Rudi na asali ya misitu ya miombo, ni tamu na ina harufu ya moshi. Nunua michembe kwa ajili ya uji. Kaa chini ya mwembe na mtu mzima yeyote, mwulizie habari za dansi za miaka ya sabini, halafu mwache aongee mpaka amalize.

Harusi yetu ni Desemba. Wimbo wa kuingilia ukumbini tunao, na mwishoni kuna gitaa mbili. MC ameshaambiwa: asiukate.